Neno la Mhariri: Pole Isiyo na Kosa

Mtu akifiwa Mwanga au Gungu, hapa Kigoma, jirani anaingia, anavua viatu mlangoni, anasema "pole". Hakuna anayedhani amekuja kukiri kwamba ndiye aliyemuua marehemu. Lipitishe neno hilohilo kwenye Kiingereza, linageuka "sorry". Litoe huko ulipeleke Kidenmark kwa kufuata kamusi, linatoka "undskyld". Na undskyld ni neno la mwenye kosa: ndani yake limo "skyld", ambalo kwa Wadenmark ni hatia, na kitenzi chake, "skylde", ni kudaiwa. Mke aliyekaa kando ya kitanda cha mumewe katika hospitali ya Aarhus, akamwambia mgonjwa pole, anaweza kusomeka kwenye karatasi za wenyeji kama mtu aliyekuwa akiomba msamaha. Kwa nini aombe msamaha? Alimfanya nini?

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya maneno ya namna hiyo: maneno ya nyumbani, ya sokoni na ya mwaloni, yenye maana mbili, tatu, nne, na yale yanayoyapata yanapovushwa kwenda Kidenmark.

Najua swali litakalokuja. Kidenmark, lugha ya watu milioni sita hivi wa kaskazini ya Ulaya, kinahusiana nini na Kigoma? Kinahusiana kuliko tunavyokumbuka. Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, ilikarabatiwa mwaka 1993 kwa fedha za Danida, shirika la misaada la Denmark. Nenda Kasulu, kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, au Nduta na iliyokuwa kambi ya Mtendeli, zilizopokea Warundi: huko kote limefanya kazi shirika la wakimbizi la Denmark, Dansk Flygtningehjælp, ambalo kwa Kiingereza linafupishwa DRC. Nchi waliyoikimbia wakazi wengi wa Nyarugusu nayo inafupishwa DRC. Basi mtu wa DRC alikuwa akihudumiwa na DRC, na mgeni aliyesoma maandishi kwenye fulana asijue yupi ametoka wapi. Denmark yenyewe imepokea familia za Wakongo kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu, na wengi wa hao wanazungumza Kiswahili. Watoto wao leo wanafanya hesabu kwa Kidenmark na wanagombezwa kwa Kiswahili.

Hoja yangu ninaisema mapema ili msomaji ajue anapoelekea. Neno kuwa na maana nyingi si ugonjwa, na hakuna lugha inayoishi bila maneno hayo. Balaa linatokana na njia ya kuzunguka. Kati ya Kiswahili na Kidenmark karibu kila kitu kinapita Kiingereza kwanza: fomu, kamusi, programu za simu, hata kichwa cha mkalimani mwenyewe. Kila kituo kinakata maana zake na kuongeza za kwake. Cha ajabu zaidi ni kwamba mara nyingi Kiswahili na Kidenmark vinakubaliana, na Kiingereza katikati ndicho kinachovigombanisha.

Ujiji ina kumbukumbu ya zamani ya jambo hili. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika pale Februari 1858, mazungumzo yao mengi na watu wa Ziwa Tanganyika yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Bombay na Speke walizungumza Kihindustani. Bombay na wenyeji, Kiswahili. Na pale ambapo Kiswahili hakikufika, mtu mwingine tena aliwekwa katikati. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi kwa Sheikh Hamid bin Sulayyim, akarudi Ujiji na habari kubwa: kaskazini mwa ziwa kuna mto, nao unatoka ziwani. Habari hiyo ingefanya ziwa letu kuwa chanzo cha Naili. Wakapiga makasia hadi Uvira, na huko vijana wa mtawala wa pale wakawaambia kwamba mto huo, Rusizi, unaingia. Hapo Bombay akasema, na Burton akaliandika, kwamba Speke alikuwa hakumwelewa Sheikh: tangu mwanzo Sheikh alizungumzia mto unaoingia. Stanley na Livingstone walipotoka Ujiji mwaka 1871 kwenda kujionea, waliukuta unaingia kweli.

Watu hucheka kisa hiki kama cha Mzungu asiyesikia. Mimi nakiona ni kisa cha sarufi. Kiambishi chetu -ni hakisemi kuingia wala kutoka. "Ziwani" ni ndani ya ziwa, ni kuelekea ziwa, na ni kutokea ziwa. Kitenzi ndicho kinachobeba mzigo wote. Kitenzi kikimponyoka msikilizaji mmoja kati ya watatu waliopokezana habari, mto mzima unageuka.

Tuanze basi na yale yanayokubaliana, maana ndiyo yanayosahaulika.

Kwetu mtu haendi dukani akisema "tafadhali" kila sentensi. Anasema "naomba sukari nusu". Kitenzi hichohicho tunakipeleka msikitini na kanisani: tunamwomba Mungu. Mwanafunzi wa Kidenmark aliyelelewa na vitabu vya Kiingereza anahangaika kutafuta neno la "tafadhali", na Wadenmark hawana neno moja la hivyo. Wanasema "må jeg bede om", na "bede" ni kuomba sukari na ni kuomba Mungu. Mama wa Ujiji angeelewa sentensi hiyo siku ya kwanza kama angeambiwa moja kwa moja.

Kupanda: tunapanda mti, tunapanda meli, bei ya mafuta inapanda. Kidenmark kina "stige", na bei zao "stiger", na abiria wao anapanda basi kwa kitenzi hicho kikiongezwa "på". Akishuka anaongeza "af". Juu ya hayo, "stige" ni ngazi. Kiingereza kina neno lake kwa kila kazi hapa, na mkalimani anayepitia huko anajikuta akichagua kati ya maneno matatu bila sababu yoyote. Kukwea mti na kupanda mbegu ndiko kunakobaki nje. Hapo Wadenmark wana maneno yao mengine.

Kuazima ni mfano ninaoupenda zaidi. "Niazime wavu wako" na "nimeazima wavu kwake" ni kitenzi kimoja kwa anayetoa na anayepokea, na wageni wengi hutulaumu kwa hilo, kana kwamba tunaficha nani anamdai nani. Wadenmark wanasema "låne" kwa pande zote mbili, na benki zao zinafanya kazi vizuri tu.

Halafu ukoo. Hapa Kiingereza kimetutia hasara kiasi kwamba hata sisi wenyewe siku hizi tunawaita watu "anko" na "anti" bila kujua ni wa upande gani. Mjomba kwa Kidenmark ni "morbror", yaani kaka wa mama. Shangazi ni "faster", dada wa baba. Mama mdogo na mama mkubwa ni "moster". Baba mdogo na baba mkubwa ni "farbror". Bibi mzaa mama ni "mormor", bibi mzaa baba ni "farmor", na mtoto wa Odense anayetamka "mormor" anasema mama wa mama, kama sisi tunavyofafanua tukiulizwa bibi yupi. Kweli, na wao wana "onkel" na "tante", maneno ya kuazima yanayofuta pande, na vijana wao wanazidi kuyatumia. Lakini la ukoo lipo, liko hai, na ofisa yeyote analielewa. Mkalimani anayemgeuza mjomba kuwa "uncle" kichwani mwake, kisha kuwa "onkel" mdomoni, ametupa kitu ambacho lugha zote mbili zilikuwa nacho.

Sasa yale magumu. Sitaki msomaji adhani tunauza ndoto.

Nenda Kibirizi asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa na boti za kwenda vijiji vya kaskazini zinajaza abiria, umuulizie mvuvi fulani. Utajibiwa: "Yuko ziwani." Umeridhika, unaondoka. Mdenmark hawezi kuandika jibu hilo hadi aulize tena. Kama mvuvi yuko ufukweni anashona wavu, ni "ved søen". Kama yuko chomboni, ni "på søen". Kama yuko majini, anaoga au amezama, ni "i søen". Sisi nasi tunayo yupo, yuko na yumo, na mwalimu wa sarufi atakwambia zinatosha. Lakini mwaloni watu wanasema "yuko" kwa yote, na anayesikiliza anajua kutokana na saa, upepo na sura ya msemaji. Ikiwa jibu hilo limo kwenye maelezo ya ajali ya boti, tofauti ya "på" na "i" ni tofauti ya mtu aliye hai na maiti. "Sø" lenyewe lina mambo yake: peke yake kwa kawaida ni ziwa, lakini ndani ya Østersøen ni bahari. Mtu wa Kigoma aliyezoea ziwa lenye kina cha mita 1,470 na mawimbi ya kupindua maboti hatashangaa kwamba wapo watu walioona neno moja linatosha.

Pale pale Kibirizi utasikia mvuvi akisema mwezi huu kazi hakuna, mwezi mkali. Wa kwanza ni wa kalenda, wa pili uko angani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitawala taa hazivuti kitu. Kidenmark kinatenganisha "måned" na "måne", maneno ya ukoo mmoja. Na dagaa wenyewe? Kamusi inakupeleka "sardine", na kwa Mdenmark "sardin" ni samaki wa kopo lenye mafuta. Aina mbili za dagaa wetu, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni za ukoo wa "sild", samaki ambaye Mdenmark anamla juu ya mkate mweusi tangu utotoni. Mwambie ni sild wadogo wa maji baridi, waliokaushwa kwenye mchanga, na mate yatamtoka kabla hujamaliza.

Saa ni mtego wa ngazi mbili. Kwanza, neno moja kwetu ni chombo cha mkononi, ni muda wa dakika sitini, na ni wakati wa siku. Mdenmark ana "ur", "time" na "klokken", na "time" hiyo ni kipindi cha darasani pia. Pili, saa moja na nusu asubuhi ni "halv otte". Mkalimani anaongeza sita kwanza, kwa sababu sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Kisha anageuza nusu, kwa sababu Wadenmark wanaihesabu kuelekea saa inayofuata: nusu ya nane, wakati sisi tunasema moja na nusu. Anayechoka katikati ya hesabu anamfikisha mgonjwa kliniki ikiwa imefungwa. Kwenye namba kuna kichekesho kingine: katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu shamba lake la Kenya, mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen anasimulia kuwa Msweden aliyemfundisha kuhesabu kwa Kiswahili alimrukisha tisa, kwa kuwa masikioni mwake lilikuwa neno la aibu. Kwa Kidenmark pia, "tisse" ni kwenda haja ndogo. Mtoto wetu darasani anayesema tisa kwa sauti hajui kwa nini wenzake wameanguka chini kwa kicheko.

Maneno mawili, hata hivyo, hayachekeshi.

La kwanza ni kukimbia. Mtu akisema "tulikimbia kutoka Fizi", kwetu sentensi imekamilika: vita ilikuja, wakaondoka. Kwa Kidenmark kuna "løbe", ambayo ni mbio za miguu, na kuna "flygte", ambayo ndiyo inayomzaa "flygtning", mkimbizi mwenye haki zake kisheria. Kiswahili kina mkimbiaji na mkimbizi, lakini kitenzi ni kimoja. Mkalimani aliyepita kwenye "run" na kutoka na "løb" amemwandikia mama wa watoto wanne kwamba alifanya riadha. Naongeza chumvi kidogo. Ofisa mwenye akili ataelewa. Lakini maelezo ya mkimbizi husomwa tena na tena na watu ambao hawakuwapo chumbani, na wao wana karatasi tu.

La pili ni ndugu. Ndugu ni wa tumbo moja, ni mtoto wa mama mdogo, ni mtu wa kijiji kimoja, ni mwenzangu wa chama. Mtoto wa mama mdogo anaitwa kaka na dada, hakuna anayesema binamu bila kuonekana anajitenga. Hapa Kidenmark, kilichotusaidia kwa wajomba na mashangazi, kinatutupa mkono: mtoto wa moster ni "fætter" au "kusine", nje ya mstari wa "søskende". Sheria za kuunganisha familia zinaufuata mstari huo. Mtu aliyesema ana ndugu sita, baadaye ikaonekana wanne ni watoto wa mama zake wadogo, anaonekana mwongo, ilhali alisema kweli tupu kwa lugha yake. Hapa hakuna neno la kumwokoa. Panahitajika swali: "Mmezaliwa tumbo moja?" Kila Mswahili analielewa swali hilo na hakuna anayeudhika kulijibu.

Ugumu unazidi tunapokumbuka kwamba Kiswahili cha ziwa hili si kimoja. Upande wa Kalemie na Katanga kwa jumla, g hugeuka k, na "kupika" ni kupika ugali na ni kupiga mtu. Mkalimani wa Dar es Salaam anayesikia "askari walimupika" ana sekunde moja ya kutisha kabla akili haijamrudia. "Yaya" kwa Wakongo ni kaka au dada mkubwa. Kwa Mtanzania ni msichana wa kulea watoto. Kidenmark kina "storebror" na "storesøster", kingelipokea neno la Wakongo bila shida, ila kinadai kujua ni wa kiume au wa kike. Wamanyema wa Ujiji, ambao wazee wao walitoka ng'ambo, na wafanyabiashara wanaopishana kati ya Kigoma na Uvira wangefaa kuwa walimu wa wakalimani, na sijasikia chuo kilichowaita.

Kuhusu kupiga lenyewe, tulibishana sana kwenye chumba cha uhariri. Piga simu, piga pasi, piga deki, piga kura, piga chafya, piga magoti, piga hodi: wengine walitaka orodha ndefu yenye Kidenmark pembeni. Niliipinga. Orodha inamfanya msomaji aamini kwamba kupiga kuna maana hamsini, wakati neno hilo lina kazi moja, kulipa jina linalofuata nguvu ya kutenda. Wadenmark wanafanya vivyo hivyo na "slå": wanapiga mtu, wanakata nyasi, na wakiongeza "op" wanatafuta neno kwenye kamusi au wanaachana na mchumba. Mwenye kujua slå haogopi kupiga. Mjadala huo umechapwa ndani, na upande ulioshindwa umepewa kurasa zake.

Kutafsiri vizuri kunataka muda wa kuuliza, na muda una mwenyewe. Mwaka 2018 Denmark iliweka sharti kwamba mgonjwa aliyekaa nchini zaidi ya miaka 3 alipie mkalimani wa hospitali. Aliyetoa fedha mfukoni hatamani mkalimani arudi nyuma na kusema, "Samahani mama, ukisema ndugu unamaanisha wa tumbo moja?" Anataka amalize. Kwa hiyo maneno yenye maana nyingi yanakuwa ghali zaidi kwa maskini, na ndio wenye sababu nyingi za kuyatumia. Upande wetu nao hauna la kujivunia: tumefundisha Kiswahili kwa wageni kwa miongo mingi kupitia Kiingereza tu, tukadhani tumewarahisishia.

Kwa sababu hiyo, katika toleo hili hakuna safu ya Kiingereza. Kila neno la Kiswahili limekaa ana kwa ana na la Kidenmark, na pale maana zinapogawanyika tumeweka swali la kuuliza badala ya kisawe. Pole haina kisawe kimoja: kwa mfiwa tumependekeza "det gør mig ondt", ambayo neno kwa neno ni "inaniuma", na kwa "pole na kazi" tumeacha nafasi wazi kwa makusudi. Msomaji wa Aarhus, Odense au Nyarugusu mwenye la kuijaza atuandikie, kwa Kiswahili au kwa Kidenmark. Barua za Kiingereza tutazisoma pia, ila zitakaa mwisho wa foleni.